Wananiomba Ushauri wa Laptopu, Kisha Wanamsikiliza Muuzaji

Hujambo Mshauri,

Mimi ni fundi wa kompyuta, umri wangu miaka 34, mkazi wa Umoja. Nimekodi meza katika duka moja la orofa ya pili karibu na Barabara ya Luthuli, na hapo nimekaa miaka tisa nikifungua laptopu za watu. Mengi ya dunia siyajui, lakini laptopu nazijua. Nikisikia feni inavyolia naweza kukwambia kama mashine imeishi mezani au kitandani juu ya blanketi.

Wanaonitoa jasho si wateja, ni watu wangu mwenyewe. Kila anayetaka kununua kompyuta ananipigia mimi kwanza: "Wewe ndiye mtaalamu wetu." Namweleza, tena bure. Siku mbili baadaye ananitumia picha ya kitu kingine kabisa ambacho ameshakilipia, na swali juu yake: "Hii nayo je?" Ikipita miezi mitatu kinaletwa kwangu kikiwa kimekwama, nami ndiye wa kukikwamua, bure vilevile. Hayo nimeyazoea.

Ya dada yangu ndiyo yamenimaliza. Yeye ndiye kifungua mimba kwetu, anauza nguo za mitumba Gikomba, na mwanawe wa kwanza ameitwa chuo kikuu kule Juja kusomea upimaji wa ardhi. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kufika huko. Tulichanga. Mama alikopa Sh10,000 kwenye chama chake, mimi nikatoa Sh5,000, dada na shemeji wakamalizia, zikawa Sh32,000 za laptopu.

Dada akaniomba nimshauri. Sikufanya mzaha. Nilimtumia orodha kwenye WhatsApp: atafute laptopu ya ofisi iliyotoka Uingereza, zile zinazoitwa ex-UK, yenye prosesa, yaani ubongo wa mashine, ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 8 inayoweza kuongezwa, na SSD (hifadhi ya kasi ya kuwekea faili) ya GB 256. Nikamtajia hata aina, ThinkPad T480 au EliteBook 840 G5. Nikamweleza kwa nini nang'ang'ania kizazi cha 8: Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizikubali rasmi karibu prosesa zote za kabla ya hapo. Mjini kuna za kizazi cha 4 na cha 6 tele ambazo watu wanatafuta pa kuzitupia. Kisha nikamrekodia sauti ya dakika 11 nikifafanua yote hayo. Betri nikamwambia nitaibadilisha mwenyewe kama imechoka.

Jumamosi shemeji akaingia mjini na pesa. Hakunipitia. Kutoka alikonunua hadi mezani kwangu ni mwendo wa dakika nne. Jioni nikatumiwa picha: laptopu mpya, nyembamba, rangi ya fedha, imelala ndani ya boksi lake. RAM ya GB 4 iliyochomelewa kwenye bodi, hifadhi ya eMMC, ile ya polepole kuliko SSD, ya GB 64. Mshauri, Windows 11 yenyewe inadai angalau RAM ya GB 4 na nafasi ya GB 64, yaani mashine imetoka dukani ikiwa tayari imeshiba. AutoCAD, ambayo wapimaji huichorea ramani, inataka RAM ya GB 8 kwa uchache. Na RAM ya mashine hii huwezi kuiongeza hata kwa maombi. Nilipouliza kulikoni, nikajibiwa: "Muuzaji amesema hizi ndizo watoto wa chuo wanachukua." Muuzaji ambaye hata jina lake hawalijui!

Jumapili tulikutana kwa mama, Kayole. Dada akaileta niiwekee programu, "na uiharakishe kidogo, inajikokota." Hapo nilishindwa kujizuia. Nikasema mbele ya watu wote, na ndugu za shemeji wakiwa wageni pale: "Mitumba mnauza, mitumba mnavaa, lakini laptopu ya mtumba mmeionea haya!" Nikaongeza kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Dada akanyanyuka akaenda jikoni. Kijana akaifunga ile laptopu polepole, akairudisha kwenye mkoba wake. Tangu siku hiyo mimi na dada hatuzungumzi. Boksi la laptopu ameliweka juu ya kabati la sebuleni, limefunikwa kitambaa cha kufuma kama kombe la mpira. Niliona nilipokwenda kumchukua mama.

Mama anataka niombe radhi kabla kijana hajaripoti chuo. Niombe radhi kwa lipi? Na juzi binamu yangu wa Githurai amepiga simu: anataka laptopu ya kufanyia kazi za mtandaoni, nimshauri. Nikaiacha simu ikalia mpaka ikanyamaza. Niache kushauri kabisa? Nianze kutoza? Au mwenye tatizo ni mimi?

Fundi wa Bure
Nairobi

MSHAURI ANAJIBU

Ndugu yangu Fundi,

Barua yako nimeisoma laptopu yangu ikiwa juu ya blanketi, na nilipofika pale pa feni nimeiinua haraka. Kwa hiyo ujue kuna mtu mmoja Nairobi amekusikiliza.

Nianze kwa kukukubalia lile la kifundi, kwa sababu naona hakuna aliyelikubali mbele yako. Mashine yenye nafasi ya GB 64, ambayo Windows imeshajilaza humo ndani, itamsumbua kijana, na ataiona ikimsumbua mwaka wa pili na wa tatu zaidi ya wa kwanza. Ulijua, ulisema mapema, hukusikilizwa, na Sh5,000 zako zimo humo ndani. Mtu yeyote angekasirika.

Lakini nimeisoma tena, na nadhani kilichokuuma si zile GB 4. Ni zile dakika nne. Shemeji amepita chini ya dirisha lako na pesa mfukoni, hakupanda ngazi. Miaka tisa mezani pale, halafu mwenye shati la duka anaaminiwa kukushinda. Umeliita jambo hili ushauri wa kompyuta. Mimi nalisikia kama mtu anayeuliza kama kwao wanamwona kuwa ana kazi.

Tumsimamishe shemeji dukani kidogo. Simu yake ina orodha yako. Muuzaji anaitazama, anatabasamu, anasema: "Hizi tunazo, lakini ni za 2018. Kijana anaenda chuo, umnunulie kitu cha 2018?" Si uongo, aina zote mbili ulizotaja zilitoka mwaka huo. Orodha yako ilimwambia shemeji atafute nini. Haikumwambia ajibu nini akiulizwa hivyo mbele ya wateja wengine. Na pesa alizoshika zina mkopo wa chama wa mama mkwe ndani yake. Mpya ina waranti ya mwaka na risiti. Ile nyingine ikizimika wiki ya pili, atamweleza nini mama? Sisemi ndivyo ilivyokuwa, sikuwepo, nawe pia hukuwepo. Wewe umeandika kama mtu aliyeona dharau kwa macho yake.

Nikuambie siri. Wakati mmoja nilimwomba mtoto wa ndugu yangu anichagulie simu. Akanichagulia vizuri, akaniandikia jina kwenye karatasi. Nilipofika dukani, binti wa pale akaitazama karatasi, akanitazama miye: "Mama, unataka hiyo ya bei hiyo kweli?" Nikatoka na aliyoishika yeye mkononi. Yule mtoto nikamwambia yake ilikuwa imekwisha. Hadi leo anaamini hivyo, labda atajua akisoma hapa. Nilimheshimu sana, na bado nilinunua nyingine. Mambo hayo mawili yanaweza kukaa katika mkoba mmoja.

Sasa dada yako. Lile boksi umelitaja kama kero. Mimi nimelisoma mara tatu.

Huyu ni mwanamke anayeamka alfajiri kuwahi robota likifunguliwa. Anaishi kwa kujua tofauti ya kamera, nguo za daraja la kwanza, na fagia, yale masazo ya mwisho, kwa kupapasa kitambaa tu. Hahitaji kuambiwa na mtu kwamba cha mtumba kinaweza kuwa bora kuliko kipya, ndicho kinachomlisha. Ukisema ameona haya, huenda umekosea. Huenda alitaka kitu kimoja tu, siku moja tu, ambacho mwanawe atakuwa mtu wa kwanza kukigusa. Kitambaa cha kufuma hakifunikwi juu ya GB 64, kinafunikwa juu ya barua ya chuo. Na wewe, mbele ya wakwe, ukaitaja kazi yake kama mfano wa upumbavu. Najua hukukusudia hivyo. Sidhani kama kule jikoni alikuwa akiwaza habari za RAM.

Hapo naona kitu kinachosikitisha na kuchekesha kwa pamoja. Nyinyi wawili mnafanya biashara moja! Wewe unachagua mitumba ya Uingereza mezani, yeye anachagua ya kwake chini Gikomba. Badala ya dakika 11 za prosesa, ungemwambia: "Dada, laptopu ya ofisi ya kizazi cha 8 ni kamera. Ya kizazi cha 4 ni fagia. Hizi mpya za bei hiyo ni shati linalong'aa ambalo litachuja likifuliwa mara moja." Angeelewa kabla maji ya chai hayajachemka. Angenunua ulichosema? Sina hakika. Bado angeweza kutaka kipya, lakini angekuwa amechagua akijua.

Tena, ndugu yangu, hata chaguo lako lilikuwa na shimo lake, nawe umeligusa kwa mbali uliposema betri utabadilisha. Laptopu ya ofisi ya miaka hiyo inaweza kuwa na betri iliyochoka, duka laweza kukupa waranti ya miezi michache tu, na asiyejua kukagua huonyeshwa GB 8 akapelekewa 4. Kibodi za Uingereza zina alama ya pauni juu ya tarakimu 3, na kijana angelazimika kueleza kila mara ilikotoka. Wewe kwako hayo ni madogo kwa sababu bisibisi unayo. Kwa dada yako, waranti ya mashine ile ingekuwa wewe. Labda aliogopa kukufanya wewe waranti. Ikiharibika ya dukani unagombana na duka, ikiharibika yako unagombana na kaka.

Kuna mtu mmoja katika barua yako ambaye hajasema hata neno. Mama ameongea, shemeji ameongea, muuzaji naye ameongea. Kijana ameifunga laptopu polepole akairudisha kwenye mkoba, basi. Sijaona mahali alipoulizwa anataka nini, si na wewe, si na wazazi wake. Wala sijui kama kuna aliyewauliza wenye kozi wanafunzi wa mwaka wa kwanza watatumia programu gani, na kama maabara ya chuo itawatosha kwa kuanzia. Mara nyingi mwaka wa kwanza wa kozi kama hizo una hesabu na fizikia nyingi kuliko michoro. Autodesk, kampuni inayoitengeneza AutoCAD, huwapa wanafunzi programu hiyo bure wakithibitisha kuwa wanasoma, kwa hiyo itakapohitajika, gharama itabaki kuwa ya mashine.

Kuhusu mashine yenyewe, njia ziko kadhaa na zote zina mwiba. Mnaweza kurudi dukani mkaomba kubadilishiwa mkiongeza pesa, ingawa mnajua kibao kile cha "bidhaa zikishauzwa hazirudishwi", na hii haijaharibika, imepungukiwa tu. Mnaweza kuiuza mkapoteza elfu kadhaa. Lakini njia zote hizo zinapitia juu ya kabati: itabidi mtu alishushe lile boksi, na dada atakuwepo akitazama. Au kijana aende nayo hivyo hivyo, wewe umwondolee yasiyo na kazi, faili zake zikae kwenye memori kadi, aandikie insha na kusomea, na familia ianze kuchanga polepole kwa ajili ya ile ya michoro. Ukifuata hiyo utaonekana umeshindwa, na mwaka wa pili ukifika, jihadhari na ulimi wako usije ukasema "niliwaambia". Kati ya hizo ipi? Pesa ni za watu wanne na mkopo ni wa mama. Ningeshangaa kama ungeamua peke yako, au mimi nikuamulie kutoka hapa.

Unauliza uombe radhi kwa lipi. Naona kuna vitu viwili vimefungwa kwa kamba moja: ulichosema kuhusu laptopu, na ulichosema kuhusu mitumba. Cha kwanza unaweza kusimama nacho mpaka mwisho. Cha pili unaweza kukiangalia peke yake, ukaona kama kinakukaa vizuri kinywani ukikirudia leo. Ukiomba radhi kwa hicho tu, iko hatari dada asikie kwamba umekubali mashine ilikuwa sawa, na shemeji aanze kukunukuu kwenye harusi. Ukikaa kimya ukisubiri yeye aanze, kijana anaweza kuondoka kwenda Juja huku mama yake na mjomba wake hawapeani salamu, na hiyo ndiyo picha ya nyumbani atakayoondoka nayo. Dada yako unamjua wewe. Kuna watu wanaohitaji kusikia neno "nisamehe", na kuna wengine ambao ukitokea tu kwenye kibanda chao asubuhi ya robota ukashika upande mmoja wa mzigo, mambo yamekwisha.

Nikirudi kwa hao wengine wote wanaokupigia. Kuacha kabisa kushauri kutakupumzisha kwa wiki moja hivi, halafu watanunua hata hivyo na mashine zitapanda ngazi zako zilezile, safari hii zikiwa mbovu zaidi. Kutoza si dhambi, fundi hali shukrani. Wapo ndugu ambao wakilipa Sh500 ndipo wanaposikia. Wapo pia watakaokwenda kumwambia mama umebadilika. Na usidhani ushauri uliolipiwa haupuuzwi, waulize madaktari. Nimewahi kusikia fundi mmoja anasema kwake ushauri ni bure lakini bisibisi ni pesa, hata kwa shangazi yake. Naipenda hiyo kiasi, ingawa ikianza siku tatu baada ya ugomvi itaonekana ni adhabu. Kuwasindikiza dukani kunaondoa lile swali la muuzaji, lakini kunakula nusu siku ya kazi na kukutwika lawama yote.

Na wengine, kusema kweli, hawakuombi ushauri. Wameshachagua kitu moyoni na wanataka mtu wanayemheshimu aseme "sawa". Ukimpa mtu kama huyo orodha, ataisoma kama kukataliwa. Ungeweza kumuuliza mwanzoni kabisa: kuna uliyoiona tayari? Jibu litakwambia kama unaombwa kichwa au unaombwa moyo, na utaamua kama unavyo siku hiyo.

Binamu wa Githurai mpigie, hata kama ni kumwambia wiki hii huna nafasi. Simu inayolia hadi ikanyamaza watu huifasiri watakavyo.

Na kabla ya dada, kabla ya shemeji na duka, ningefurahi kujua kijana anasemaje. Mtafute mkiwa wawili tu, mkanywe chai mahali, umuulize anaionaje hiyo laptopu yake. Kisha uniandikie. Ila ukimtumia sauti kumwalika, tafadhali, isizidi dakika mbili.